Kulilia Dhambi Zetu: Buluo, Stesheni ya Likasi na Toba Tunayodaiwa

Kwa watu wa Katanga, Buluo ni jina la gereza. Liko nje ya mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga, nchini Kongo. Mwaka 1998, wakati wa utawala wa Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa waliofungwa humo alikuwa Joseph Olenghankoy, mwanasiasa wa upinzani aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi. Wengine wengi wasiojulikana wamepita humo, wenye hatia na wasio na hatia.

Miaka sita kabla ya hapo, Likasi ilitenda jambo ambalo halikujaza gereza lolote. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza akichochea kwa hotuba zake, makundi ya vijana yaliwavamia majirani zao wenye asili ya Kasai. Waliwaita bilulu, wadudu. Wengi wa waliovamiwa walikuwa wamezaliwa Katanga, wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni ya madini ya Union Minière. Makumi ya maelfu walikimbilia stesheni ya reli ya Likasi na shule za mji, wakakaa huko wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Maradhi na njaa viliua wengi. Mwaka uliofuata mambo hayohayo yalitokea Kolwezi. Wengi wa waliowafukuza jirani zao hawakusimama mbele ya hakimu wala hawakuiona Buluo kwa ndani. Jumapili walikwenda kusali, kwa maana waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji yaleyale.

Ndiyo maana swali la kuhuzunikia dhambi, ambalo wengi huliona kuwa la watawa na wazee wa Kwaresima, linaihusu Likasi nzima. Mkristo ahuzunikie dhambi gani, kwa namna gani, na mpaka lini? Makanisa yetu yametufundisha vizuri kulilia dhambi za mtu mmoja mmoja, na katika hilo tuna urithi mkubwa. Yametufundisha kidogo mno kulilia yale tuliyoyatenda kwa pamoja, na hasa kumtazama aliyeumizwa. Hapo ndipo toba yetu inapobaki nusu.

Maandiko yanasema nini

Katika Mathayo 5:4 Yesu anawaita heri wenye huzuni, akiwaahidi faraja. Tangu zamani walimu wa Kanisa hawakuishia kwenye huzuni ya kufiwa. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia katika karne ya 4, alifundisha kwamba Bwana anawasema hasa wanaohuzunika kwa sababu ya dhambi. Yakobo naye, katika sura ya 4 ya waraka wake, anawaamuru waliotenda mabaya waomboleze na kulia.

Hata hivyo Biblia haiamini kila chozi. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 7:10, anatenganisha huzuni mbili: moja ya jinsi ya Mungu, inayozaa toba, na nyingine ya dunia, inayozaa mauti. Petro na Yuda wanaonyesha tofauti hiyo. Wote wawili walimtenda Bwana vibaya, wote wawili waliumia moyoni. Yuda hata alikiri kosa lake mbele ya makuhani na kuzirudisha fedha. Lakini aliipeleka huzuni yake kwa watu waliomwambia kwamba hilo halikuwahusu, akaenda kujinyonga. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu, akabaki hai hadi asubuhi ile ufuoni ambapo Yesu alimuuliza mara tatu kama anampenda. Huzuni ya jinsi ya Mungu inajulikana kwa anayepelekewa.

Inajulikana pia kwa matunda yake. Katika Luka 7 mwanamke mwenye dhambi anaiosha miguu ya Yesu kwa machozi, na hatusikii kwamba alirudisha chochote. Katika Luka 19 Zakayo anaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, na hatusikii kwamba alitoa hata chozi moja. Wote wawili wanapokelewa. Mwanamke yule hakuwa na fedha za watu mkononi; Zakayo alikuwa nazo. Kila mmoja alitoa kile ambacho dhambi yake ilikidai. Mtoza ushuru aliyelia bila kurudisha angekuwa amejidanganya.

Mfano wa Daudi una uzito zaidi. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na dhambi yake na Bathsheba, inamlilia Mungu kana kwamba ni Mungu peke yake aliyekosewa. Lakini Uria, mume wa Bathsheba, alikuwa amelala kaburini. Mungu alilijua hilo, ndiyo maana katika 2 Samweli 12 nabii Nathani hakuanza kwa kumtaja Mungu wala sheria. Alianza na maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alipandwa na hasira kwa ajili ya maskini yule kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Njia ya kuifikia zaburi ya toba ilipita kwenye mlango wa aliyedhulumiwa. Waimbaji wa zaburi hiyo wakimsahau Nathani, wanabaki na machozi ya mfalme peke yake.

Urithi wa Wakatoliki

Afrika ilijifunza mapema kulilia dhambi. Agustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alifariki Hippo mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Rafiki yake Possidius, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba katika siku za mwisho askofu yule aliagiza zaburi za toba ziandikwe ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma huku analia. Alikuwa na miaka 75, mwalimu wa Kanisa zima, na bado hakujiona kuwa amemaliza kutubu.

Karne moja baadaye Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake kwa watawa, na katika sura ya 4 akawataka waungame kwa Mungu kila siku, kwa machozi, makosa yao ya zamani. Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na Likasi. Wamisionari Wakatoliki waliokabidhiwa Katanga ya kusini kuanzia mwaka 1910 walikuwa Wabenediktini wa abasia ya Sint-Andries, karibu na Bruges, Ubelgiji, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Waliozisoma kanuni za machozi kila mwaka ndio waliowabatiza mababu wa Wakristo wengi wa mji huo, enzi hizo ukiitwa Jadotville.

Lakini watawa haohao walifanya kazi bega kwa bega na serikali ya kikoloni na kampuni. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara bora, na askari waliwapiga risasi, Jadotville na Élisabethville, wakaua makumi. Kanuni ya Benedikto ilimtaka mtawa alie kwa makosa yake. Haikumfundisha kulia kwa makosa ya utawala aliokuwa akiuombea na kuutegemea. Pengo lile tunalolilalamikia leo halikuanzia kwa Wakongo.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu majuto yalipangwa vizuri na Mtaguso wa Trento mwaka 1551. Majuto kamili yanatoka katika kumpenda Mungu. Majuto yasiyo kamili yanatoka katika kuchukia ubaya wa dhambi na kuogopa adhabu. Hata haya ya pili ni zawadi ya Mungu na yanamwandaa mtu kuipokea sakramenti ya kitubio. Kuna hekima kubwa hapa: anayekuja kwa hofu hafukuzwi. Kisha padri anampa malipizi, kazi ya kutengeneza kilichoharibika. Kwa bahati mbaya malipizi hayo mara nyingi yamepungua hadi kuwa sala chache za kurudiarudia, hata pale dhambi ilipokuwa wizi wa mshahara wa kibarua au mizani iliyochezewa mbele ya mchimbaji mdogo wa madini.

Wakongo wenyewe wametoa jibu zuri zaidi ya wanavyojua. Katika misa ya mapokeo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, tendo la toba haliwekwi mwanzoni. Watu kwanza wanasikia Neno na mahubiri, ndipo wanatubu, na mara baada ya kutubu wanapeana amani, kabla ya kupeleka vipaji altareni. Mpangilio huo ni mafundisho kamili. Neno linaionyesha dhambi, moyo unahuzunika, na mkono unamtafuta jirani. Bado swali la Likasi linabaki: je, jirani yule aliyesukumwa hadi stesheni bado yupo katika benchi apewe amani?

Urithi wa uamsho

Kwa Waprotestanti wa Afrika Mashariki, shule kuu ya kulilia dhambi ni uamsho ulioanza Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini nchini Rwanda, watu walianza kusimama na kuungama hadharani. Moto huo ulifika Kabale mwaka 1935, kisha Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho walizungumza juu ya kuvunjika na kutembea katika nuru. Waliungama wizi, uzinzi, chuki na kiburi. Walirudisha vitu walivyoiba na kulipa kodi walizokwepa. Wamisionari wa Kizungu nao waliungama dharau yao kwa Waafrika, jambo lisilosikika siku zile.

Mwaka 1953 uamsho wa namna hiyo ulizuka kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika vituo vya misheni kama Ibambi. Daktari Mwingereza Helen Roseveare, aliyefika huko mwaka huo, aliandika baadaye jinsi mchungaji Mkongo aliyeitwa Ndugu alivyomwongoza kuona kiburi chake na kukiacha chini ya msalaba. Mwafrika alikuwa mwalimu, Mzungu alikuwa mwanafunzi. Toba ilipindua ngazi ambayo ukoloni uliijenga.

Uamsho ulikuwa na hatari zake, na wazee wake wenyewe walizijua. Ungamo la hadharani liliweza kugeuka kuwa maonyesho, au siri za nyumba zikamwagwa mbele ya watoto. Asiyelia alitazamwa kama asiyeokoka. Lakini jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1994. Rwanda, nchi ya Gahini, iliangamia katika mauaji ya kimbari, na wauaji wengi walikuwa waumini. Wapo ndugu wa uamsho waliokataa kutenganishwa Mhutu na Mtutsi, wakafa pamoja. Ushuhuda wao ni wa thamani. Hata hivyo kizazi kizima kilichofundishwa kuungama pombe na zinaa kilikuwa hakijafundishwa kuungama ukabila. Orodha ya dhambi za kulilia ilikuwa fupi kuliko dhambi zenyewe.

Huzuni inapopotoka

Kilio cha msiba katika jamii zetu kina watu wake, siku zake na mwisho wake: majirani wanakuja kulala na wafiwa, na siku inafika wazee wanakimaliza ili uhai uendelee. Huzuni ya dhambi nayo ina mpaka huo, na wachungaji wanapoupuuza, watu wanaumia.

Wapo wasioruhusiwa kumaliza. Kila shida, iwe ugonjwa wa mtoto, kufukuzwa kazi mgodini au mimba kuharibika, wanaambiwa ni malipo ya dhambi waliyoificha. Yesu aliukataa ufafanuzi huo alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, katika Yohane 9. Mtu aliyesamehewa akiendelea kujitesa, hafanyi toba zaidi, anakataa zawadi.

Wapo wanaokwepa kilio chote. Katika baadhi ya makanisa mapya ya mijini, mahubiri yanaanza na baraka na kuishia na sadaka, na neno dhambi linatajwa tu pale linapomhusu adui wa muumini. Waumini wanaimba kwa furaha, lakini ni furaha isiyojua ilikotolewa.

Upotovu wa hatari kuliko yote ni huzuni inayogeuzwa kuwa msako. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alihubiri mafundisho ya Watchtower huko Rhodesia ya Kaskazini, kisha akaingia Katanga. Alibatiza kwa kuwazamisha watu mtoni, na wale aliowatambua kuwa wachawi wakauawa majini. Waingereza walimnyonga mwaka 1926. Watu walitamani kijiji kisicho na dhambi, wakaitafuta dhambi kwa mwenzao. Roho hiyo ingalipo katika nyumba za maombi ambako mtoto yatima anaitwa ndoki, yaani mchawi, na kufungiwa bila chakula. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 zinapiga marufuku kumshtaki mtoto kwa uchawi. Imani yenyewe inapaswa kulipiga marufuku kwanza, kwa kuwa toba ya Kikristo inaanzia kwa anayehubiri.

Dhambi ya pamoja

Sasa tuirudie stesheni. Kuna pingamizi la haki: Ezekieli 18 anasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kijana wa Likasi aliyezaliwa mwaka 2000 hakumfukuza mtu yeyote. Kwa nini alie?

Jibu liko katika Maandiko hayohayo. Danieli, katika sura ya 9, na Nehemia, katika sura ya 1, waliungama dhambi za taifa wakisema sisi, ingawa wao hawakuwa viongozi wa maovu yale. Kuchukua hatia ni jambo moja. Kuchukua wajibu ni jingine. Kijana yule hana hatia ya mwaka 1992. Lakini akiishi katika nyumba iliyoachwa na waliofukuzwa, au akilirithi neno bilulu na kulitumia, dhambi ile inaendelea kupitia kwake hadi mtu aseme basi.

Wengine wametangulia. Oktoba 1945, mjini Stuttgart, viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani walikiri hatia yao baada ya utawala wa Hitler. Desemba 1996 Wakristo wa Rwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na Wazungu, walikutana Detmold, Ujerumani, na kila kundi likaungama kwa jina la watu wake na kuomba msamaha. Walipingwa vikali: wapo waliouliza nani aliyewatuma kuungama kwa niaba ya wengine. Pingamizi lina nguvu, na waungamaji wa namna hiyo wanapaswa kusema kwa unyenyekevu kwamba hawafuti hatia ya muuaji. Walichofanya ni kufungua mlango ambao muuaji na aliyenusurika wangeweza kuupita.

Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana mjini Kinshasa na waathirika wa vita vya mashariki, walikuja mmoja mmoja wakaweka chini ya msalaba panga na visu vilivyotumiwa kuwaumiza wao na ndugu zao, wakatangaza kusamehe. Lilikuwa tendo kubwa la imani. Lakini waliowatenda hawakuwapo. Kongo ina wasamehevu wengi. Inawakosa waombolezaji wa dhambi.

Tunachodaiwa

Hukumu yangu ni hii. Machozi ya toba yanapimwa kwa nafasi anayopewa aliyeumizwa. Yakimrudishia jina lake, haki yake na kiti chake kanisani, yametoka kwa Mungu. Yakimwacha pale stesheni, ni ya dunia, hata kama yametiririka mbele ya altare.

Kwa hiyo nawaomba maaskofu, wachungaji na wazee wa makanisa ya Likasi mambo yanayowezekana. Kwaresima ijayo, Wakatoliki na Waprotestanti waende pamoja stesheni, watajwe waliofia hapo na katika safari, na mwaka 1992 usemwe kwa jina lake mbele ya vijana. Padri anayeungamisha adai kurudishwa kwa kilichochukuliwa, iwe ardhi, nyumba au mshahara. Mhubiri akatae matusi ya kikabila mimbarani na nyumbani kwake, hasa wakati wa uchaguzi. Na anayekwenda Buluo kuwahubiria wafungwa toba aende kama mdaiwa mwenzao, akijua kwamba mji alikotoka una deni ambalo hakuna mahakama iliyolidai. Wewe msomaji, usisubiri askofu. Kama kuna jirani ambaye familia yako ilimdhulumu, mtafute mwaka huu, mwambie ukweli, na umrudishie kilicho chake.